Kimya cha Sekela

Demetria alikuwa karani wa masjala kwa miaka ishirini na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Ofisini walimwogopa kidogo. Ukienda kuomba faili bila barua, alikutazama juu ya miwani mpaka ukageuka mwenyewe. Nyumbani kwake Gongo la Mboto, kwenye nyumba ambayo yeye na mumewe Ansbert waliijenga chumba kimoja kimoja tangu walipohama Muleba, mambo yalikuwa hayo hayo. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na asiyekirudisha aliambiwa, tena kwa sauti iliyofika mpaka nyumba ya tatu.

Sauti hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye kukaa kimya. Siku moja, akiwa na miaka hamsini na tano, aligombana na fundi bomba hadi akaishiwa nguvu, akakaa chini hapo hapo uani. Zahanati walipompima presha, daktari aliangalia mashine mara mbili.

"Mama, dawa nitakupa," alisema. "Lakini na wewe mwenyewe upunguze."

"Nipunguze nini, chumvi?"

"Chumvi na hasira."

Habari ilimfikia Sista Filomena, mtawa aliyekuwa akisimamia shule ya chekechea ya kigango chao. Alimfuata Demetria baada ya misa akamwambia aje Jumamosi saa tatu asubuhi, darasani kwa watoto, wakae pamoja nusu saa.

"Tunasali rozari?" Demetria aliuliza.

"Hatusemi kitu. Unachagua neno moja, unalirudia moyoni taratibu pamoja na pumzi. Mawazo yakija, unayaacha yapite, unarudi kwenye neno lako. Kuna mtu ndani yetu anayeshinda akisema mimi, mimi, mimi. Huyo tunamwacha aongee mpaka achoke. Akinyamaza, ndipo tunaanza kumsikia Mungu."

Demetria alikwenda kwa sababu ya presha tu. Siku ya kwanza walikuwa watatu: yeye, Sista, na mzee Kasiani, seremala mstaafu aliyesikia kwa sikio moja. Demetria alichagua neno *amani*. Dakika kumi za mwanzo aliwaza kuhusu fundi bomba, kumi za katikati aliwaza kuhusu magoti yake, na kumi za mwisho alitamani kengele ilie. Lakini alirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, kwa maana hakuwa mtu wa kuacha jambo katikati.

Na kweli lilimsaidia. Mwezi wa nne, kijana wa ofisini alimwaga chai juu ya daftari la barua zinazoingia. Wote waligeuka kumtazama Demetria. Yeye akavuta pumzi, akasema, "Lete kitambaa." Basi. Jioni Ansbert aliposimuliwa, aliweka kijiko chini.

"Hukumwambia kitu?"

"Nilimwambia alete kitambaa."

"Mama Datius," alisema Ansbert, "huyo Sista nitampelekea mkungu wa ndizi."

Pengine shida ilianzia hapo. Demetria aliona kwamba anabadilika, akapenda kujiona anabadilika. Alinunua daftari dogo lenye jalada jekundu, akawa anaandika kila asubuhi: tarehe, saa aliyoanza, dakika alizokaa. Kikundi kilipofika watu wanane, yeye ndiye aliyekuwa akifungua darasa, kusogeza vile viti vidogo vya watoto, kutandika mikeka na kumwelekeza mgeni namna ya kukaa. "Mgongo wima," alisema. "Usijilazimishe. Mimi mwanzoni nilikuwa kama wewe." Hilo la mwisho alilisema kwa upole mwingi, na alipenda kulisema.

Kisha akaja Sekela.

Sekela alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara anayopita Demetria kwenda kazini, na alikuwa mwanamke wa kama miaka thelathini, mzaliwa wa Tukuyu, mwenye kicheko kilichomtangulia. Jumamosi ile aliingia amechelewa dakika saba, mikono inanuka mafuta ya nywele, na kabla hajakaa simu yake ikalia kwa mdundo wa singeli.

"Mnisamehe jamani, mie sijui hata inazimwaje hii," alisema. Akamwona Demetria. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa pale. Mgongo wima."

Sekela hakukaa wima. Alienda kwenye kona, akaegemea ukuta chini ya herufi T na picha ya tembo, akanyoosha miguu, akafumba macho. Sista akagonga kengele. Ndege iliyotoka kuruka uwanjani ikapita juu ya bati, darasa zima likatetemeka, mzee Kasiani akakohoa, mtu mwingine akajikuna. Sekela hakugusa hata ukope. Kengele ya mwisho ilipolia, watu wote wakajinyoosha. Yeye akabaki vile vile kwa muda, kisha akafumbua macho polepole kama mtu anayerudi kutoka mbali sana. Uso wake ulikuwa laini, umeng'aa, hauna hata kunyanzi.

"Umejisikiaje?" Sista alimuuliza.

"Sista, yaani sijui nisemeje. Kama nimezaliwa upya."

Watu wakatazamana. Demetria akajisikia kitu kidogo kimemchoma chini ya titi la kushoto. Alidhani ni presha.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Sekela alikuja amechelewa, na mara nyingine aliondoka mapema akikimbilia nyumbani, lakini ile nusu saa alikaa kama jiwe. Gari la matangazo lilipita likipiga kelele za kampeni ya chanjo, yeye kimya. Mvua ilipiga bati mpaka kengele haikusikika, yeye kimya. Demetria alijua yote hayo kwa sababu alianza kufumbua jicho moja. Mwanzoni alifumbua mara moja tu, halafu mara tatu, halafu ikawa ile nusu saa nzima yuko na Sekela. *Amani*, alisema moyoni, na baada yake: mbona hatikisiki? *Amani*. Anatumia neno gani? *Amani*. Miezi mitano tu, na mimi nina mwaka na nusu!

Nyumbani aliongeza muda. Kutoka nusu saa akafika dakika hamsini, kutoka hamsini akafika saa nzima, magoti yakavimba. Daftari jekundu likajaa. Ansbert alimkuta chumbani amekunja uso kama anayenyanyua gunia.

"Unasali au unashindana?" aliuliza.

"Toka, Ansbert."

"Nauliza tu. Maana yule binti msusi, Kasiani ananiambia akikaa pale hata kupumua hasikiki. Anasema ukimtazama unapata utulivu na wewe."

Kasiani! Mzee ambaye Demetria mwenyewe ndiye aliyemfundisha namna ya kukunja miguu! Alipopita kibandani asubuhi iliyofuata na Sekela akampungia mkono wenye kitana, "Shikamoo Mama Datius, umependeza!", alijibu marahaba bila kusimama, na njia nzima alijikuta akihesabu kasoro za yule mwanamke. Anachelewa. Anacheka ovyo. Sketi yake. Simu yake. Anaegemea ukuta. Aliona aibu kuwaza hivyo, maana alishafundishwa kuyatazama mawazo yakipita. Aliyatazama. Hayakupita.

Mwezi wa Agosti, Jumamosi moja ambayo Sekela aliwahi kuondoka, Sista Filomena alimwomba Demetria abaki.

"Nahamishwa," alisema. "Mwisho wa mwezi ujao nakwenda Songea. Kabla sijaondoka kuna mafungo ya siku tatu Pugu, ya watu wa vikundi vya sala ya kimya. Nitakuambia vizuri baadaye. Sasa nisaidie jambo moja. Sekela simu yake imeingia maji, simpati. Wewe unapita kwake kila siku. Mwambie aje kwangu Jumatano saa kumi, nina jambo muhimu naye."

Jambo muhimu. Demetria alijumlisha mambo haraka. Sista anaondoka, kikundi kinabaki bila mtu, kuna mafungo, na anayeitwa ni Sekela. Ilikuwa wazi kama mchana: Sekela ndiye atakayepelekwa Pugu na kuachiwa kikundi. Na kabla hajajizuia, mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, tena kwa sauti ya huruma.

"Sista, sipendi kumsema mtu. Lakini yule dada huwa analala."

Sista alimtazama. "Unajuaje?"

"Nimemwona."

"Ukiwa umefumba macho?"

Demetria alianza kukusanya mikeka, ingawa ilikuwa imeshakusanywa. Alijua amesema uongo. Kwa macho yake, aliyoyafumbua kila Jumamosi, alikuwa ameona mtu aliyezama ndani ya Mungu kuliko yeye, na hilo ndilo lililokuwa likimuua. Sista hakuendelea kuuliza. Alisema tu, "Usisahau Jumatano."

Hakusahau. Jumatatu alipita kibandani, Sekela alikuwa na mteja, wakasalimiana. Jumanne akapita tena, Sekela alikuwa peke yake, akifagia nywele, na Demetria alisimama kabisa, wakaongea habari za umeme kukatika. Maneno yalikuwa mdomoni. Akaaga, akaenda. Jumatano saa kumi alikuwa ofisini akigonga mihuri kwa nguvu hata bosi wake akachungulia.

Jumamosi Sista aliuliza. "Ulimwambia Sekela?"

"Nilimwambia," alisema Demetria.

Sekela mwenyewe hakutokea siku hiyo, wala Jumamosi iliyofuata. Na Sista akamwita Demetria akampa barua ya mafungo. "Utakwenda wewe," alisema, bila maelezo mengine.

Demetria alipaswa kufurahi. Alifunga mkoba wake tangu Alhamisi, akaweka daftari jekundu juu kabisa. Kule Pugu, kwenye nyumba ya mafungo yenye miti mingi, walipokelewa na katekista mmoja aliyekuwa na orodha mezani. "Tafuta jina lako, mama, utie sahihi."

Alilitafuta. Lilikuwa la nne, kwa mwandiko wa Sista Filomena, herufi zake za mlazo kama za kwenye ubao wa chekechea. Pembeni palikuwa na safu ya tarehe ya kuandikishwa. Mtu mwingine asingeiangalia. Lakini Demetria alikuwa ameishi na tarehe miaka ishirini na tisa. Jicho lake lilikwenda huko lenyewe. Tarehe kumi na mbili Julai. Akaisoma tena. Jumamosi aliyomsema Sekela ilikuwa mwezi wa nane. Sista alikuwa ameliandika jina lake wiki nne kabla.

"Kuna tatizo, mama?" katekista aliuliza.

"Hakuna," alisema, akatia sahihi.

Siku tatu zile hakuna mtu aliyezungumza Pugu isipokuwa ndani ya Demetria. Wenzake walikaa bustanini nyuso zimelegea. Yeye alikaa wima, na kila alipoliita neno lake, lilikuja na Sekela akifagia nywele Jumanne. Kama hakuitiwa mafungo, aliitiwa nini? Siku ya pili alilitoa daftari aandike dakika zake, akaona hana cha kuandika. Hakukuwa na hata dakika moja.

Aliporudi, Sista alikuwa ameshahama. Alisubiri Jumapili, baada ya misa, akaenda kibandani kwa Sekela akaketi kwenye kiti cha plastiki.

"Nisuke."

"Mama Datius! Wewe si hupendi kusukwa wewe? Nikuwekee nini, twende kilimo?"

"Weka chochote."

Sekela alianza kumchambua nywele. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, havivuti. Demetria alitazama mbele, kwenye kioo kilichopasuka pembeni, na kwa mara ya kwanza aliuona uso wa Sekela kwa karibu akiwa macho. Ulikuwa umechoka vibaya. Chini ya macho palikuwa peusi.

"Huji siku hizi," alisema Demetria.

"Mama yangu kazidiwa. Alipata stroki mwezi wa pili, upande wote wa kulia haufanyi kazi. Niko naye mie peke yangu pale ndani."

Miezi yote ile hakuna aliyejua, au pengine ni Demetria tu ambaye hakujua, kwa kuwa hakuuliza.

"Sekela, nimekuja kukuambia kitu. Nilikusema vibaya kwa Sista. Nilimwambia kwamba kwenye sala wewe unalala."

Mikono ilisimama kichwani kwake. Kisha akasikia kicheko, kile kile, kikimtikisa hadi kiti.

"Sasa mama, si kweli hiyo?"

"Kweli nini?"

"Mie nalalaga! Nalala fofofo. Nyumbani kwetu ukuta kwa ukuta na baa, muziki mpaka alfajiri, na mama nimgeuze kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Silali mie. Siku ya kwanza nilipokaa pale, Sista akasema vuteni pumzi, nikavuta mbili, nikapotea. Nikasema hapa ndiyo penyewe, narudi."

"Na neno lako?"

"Neno gani? Ah, lile! Nililisahau siku ile ile."

Demetria alibaki mdomo wazi kwenye kioo. Magoti yaliyovimba, saa nzima nzima, jicho moja wazi miezi yote ile, kumwonea wivu mtu aliyelala! Alitaka kucheka na akashindwa, kwa sababu nyuma ya kicheko ulikuja wivu mwingine, mpya kabisa: kwamba hata kulala hivyo mbele ya Mungu, bila kujitazama, bila kujihesabia, yeye hakuweza.

"Sista alikuwa anajua?" aliuliza.

"Anajua sana. Nilimwambia mwenyewe. Akasema nilale tu, ila nisikorome."

Sasa lilibaki lile kubwa zaidi. Demetria aligeuza kiti, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama.

"Na kuna lingine. Sista alinituma nikuambie uende kwake, Jumatano, mwezi ule wa nane. Sikukuambia. Nikamdanganya kwamba nilikuambia."

Hapo Sekela hakucheka. Alikaa kwenye benchi, kitana mkononi.

"Kwa nini, mama?"

"Nilikuonea wivu."

"Mie?" Aliangalia kibanda chake, mabati, ndoo ya maji, kioo kilichopasuka. "Mie unionee wivu wa nini?"

Demetria alitazama magoti yake. Sekela alitoa nywele zilizonasa kwenye kitana, kisha akasema polepole, "Nilikuwa najiuliza Sista kaondokaje bila kuniaga. Nikasema labda nimemkosea. Hilo la kulala nimekusamehe hapa hapa. Hili la pili niache kwanza." Akasimama, akamalizia kumsuka, na safari hii vidole vilivuta.

Jioni hiyo hiyo Demetria alimpigia Sista Filomena Songea akamwambia yote mawili, bila kuyapamba.

"Nilikuwa nimempatia muuguzi," Sista alisema. "Sista mmoja wa shirika letu, anazunguka majumbani kuwafanyisha mazoezi waliopooza. Alikuwa na nafasi moja. Nilitaka Sekela aje anielekeze nyumbani kwake na tupange siku. Hakuja, nikajua hataki watu wamwone mama yake, nikaheshimu." Akavuta pumzi. "Ngoja nimpigie huyo muuguzi."

Hakumwambia Demetria kwamba amemsamehe wala kwamba hajamsamehe.

Muuguzi alikuja wiki ya pili ya Oktoba. Demetria alikuwepo, kwa kuwa ndiye aliyempokea barabarani na kumwonyesha njia. Alisimama mlangoni mwa kile chumba wakati muuguzi akiukunjua mkono wa yule mama, ambao ulikuwa umejikunja kifuani na vidole vimekakamaa.

"Mguu utarudi rudi," alisema muuguzi. "Mkono tumeuchelewesha kidogo. Tutaona."

Alisema kwa kawaida tu, kama anavyosema kila siku. Sekela alitazama chini. Demetria alitoka nje, akasimama karibu na karo la kufulia, na hakuna neno lolote alilolirudia moyoni.

Tangu hapo alijipangia Jumamosi. Sekela hakumwomba, wiki mbili za kwanza alimfungulia mlango bila maneno mengi. Demetria alifika saa mbili na nusu, akamwambia, "Nenda," na Sekela akaenda darasani, akamwacha na mama yake. Kikundi kiliendelea bila kiongozi, maana Sista hakuwa ameacha kiongozi yeyote. Aliacha kengele tu, na mzee Kasiani akawa anaigonga, mara nyingine akipitiliza dakika kumi kwa kuwa hakuisikia saa ya simu. Demetria alimwosha yule mama uso, akamlisha uji, akamnyoosha vidole kimoja kimoja kama muuguzi alivyoonyesha. Mama hakuweza kusema. Kwa hiyo walikaa wawili kimya, na sehemu kubwa ya kimya hicho Demetria aliwaza kwamba wenzake saa hizi wanasali na yeye hayupo.

Jumamosi moja ya Novemba Sekela alirudi akiwa na uso tofauti. Haukuwa laini kama wa mtu aliyeamka. Ulikuwa umetulia huku macho yamefunguka vizuri.

"Mama, leo sikulala," alisema akivua viatu. "Siku hizi napata usingizi kidogo nyumbani, si unajua, yule sista muuguzi kanifundisha namna ya kumlaza. Basi nimekaa macho nusu saa nzima."

"Ikawaje?"

"Sijui nisemeje. Ilikuwa kimya tu. Kama mie sipo, lakini nipo."

Neno hilo lilimchoma pale pale, chini ya titi la kushoto, na safari hii Demetria hakulisingizia presha. Aliujua wivu kwa jina lake. Aliuacha ukae.

"Muda wa kumgeuza umefika," alisema. "Njoo unisaidie."

Sekela akashika miguu, Demetria akashika mabega, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakamlaza yule mama ubavu wa kushoto, akielekea dirishani.